Kinyozi wa Makaburini Yuko Wapi?

Parma, Ohio
Jumamosi, 12 Machi 2005

Kwa Mkurugenzi wa Filamu za Kale,
Kampuni ya Video ya Corvane,
New Jersey.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUENDELEA KUFICHWA KWA FILAMU YA "KINYOZI WA MAKABURINI" (1933, DAKIKA 68)

Nakuandikia nikiwa na afya njema ya mwili, ila roho yangu haijatulia, na anayeivuruga ni wewe. Usikasirike. Mimi ni mtu mpole na barua yangu ni ya kistaarabu, lakini maji yamenifika shingoni na siwezi tena kunyamaza.

Kwanza nijitambulishe. Naitwa Rudolph Havrilla, umri miaka sabini na miwili, mkaguzi mstaafu wa nati na boliti katika kiwanda cha vipuri vya magari, na katibu wa Chama cha Wapenzi wa Filamu za Kutisha cha Parma. Chama chetu kina wanachama watatu. Tulikuwa sita. Wawili wamefariki dunia, na mmoja tulimfukuza kwa kosa la kuchana nailoni ya nakala ya akiba.

Wenzangu wawili wamekaa nami hapa, katika chumba cha chini cha nyumba yangu, wakihakiki kila mstari. Kushoto kwangu ni Bi Bernadine Toth, aliyekuwa mkutubi wa shule kwa miaka thelathini, naye ameshika kalamu nyekundu. Kulia kwangu ni Chester Pilarczyk, mwenyekiti wetu, jirani yangu wa nyumba ya nne, na rafiki yangu tangu tulipokuwa tunavaa kaptura. Filamu hii tuliitazama pamoja, mimi na yeye, Jumamosi moja mchana mwaka 1941, katika sinema ya mtaa wetu. Nilikuwa na miaka minane, yeye kumi. Maiti wa tatu alikuwa akinyolewa ndevu kwa utulivu kabisa, mara akafumbua jicho moja, akamwambia kinyozi apunguze kidogo nyuma ya sikio. Hapo nilimshika Chester mkono. Yeye anasema nilimng'ata. Tangu siku ile filamu hiyo haijaonekana tena, si katika sinema, si katika televisheni, si dukani.

Sasa sikiliza ubaya wenu. Chester anaishi peke yake tangu mkewe, Irene, afariki. Binti yake wa pekee, Denise, anaishi Tucson, Arizona, na amemtengea baba yake chumba chenye bafu lake na mlango wake wa nje. Kila Jumapili anampigia simu na kumsihi ahamie huko. Chester, kwa kuwa ni mwanachama wa kweli, aliapa mwaka 2002, mkono juu ya Biblia ya marehemu mkewe, kwamba haondoki Parma mpaka awe na Kinyozi wa Makaburini mkononi. Alimweleza binti yake kwamba oda yake ya nakala mbili iko kwenye daftari la duka la video la hapa mtaani, namba moja kwenye orodha, na nafasi ya namba moja haihamishiki hadi Arizona. Siku filamu ikifika, kesho yake anapanda ndege. Kwa maneno mengine, Ndugu Mkurugenzi, anayemzuia baba asiende kwa mwanawe si goti bovu wala theluji. Ni wewe.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu, nitaweka malalamiko yetu kwa namba.

1. Mmetoa kila kitu isipokuwa kitu chenyewe. Mwaka 1999 mlitutolea "Kinyozi Arudi". Tukafurahi, tukanunua, tukakaa kitako, tukajiuliza: anarudi kutoka wapi, wakati hamjatuonyesha alipoondoka? Mwaka uliofuata mkatutolea "Binti wa Kinyozi", ambamo binti analia robo saa nzima kwa ajili ya mambo yaliyomkuta baba yake katika filamu ya kwanza. Bernadine, aliyezaliwa mwaka mmoja na mimi lakini mtaani kwao hakukuwa na sinema, alilia naye bila kujua analilia nini. Juu ya yote, mkaweka ndani yake, eti kama zawadi, lile tangazo la dakika mbili la Kinyozi wa Makaburini. Hiyo ni sawa na kumpitishia mtu mwenye njaa sahani ya nyama puani, halafu ukaenda nayo.

Na usidhani tulinunua kwa ubahili. Kila mwanachama hununua nakala mbili, moja ya kutazama na moja ya kutoguswa. Bernadine hununua tatu, na ile ya tatu huiweka kwa dada yake, kwa ajili ya siku nyumba itakapoungua. Mke wangu Millie haelewi kabisa. Juzi aliniambia, "Rudy, mtu akinunua mkate mmoja wa kula na mwingine wa kuangalia, wenzake humpeleka hospitali." Nikamjibu kuwa mkate huota ukungu. Akasema na mimi nimeanza.

2. Hoja ya rafu. Makasha yenu yana namba mgongoni. Tunayo namba kumi na moja. Tunayo namba kumi na tatu. Namba kumi na mbili, ambayo kwa maneno yenu wenyewe mlimwekea Kinyozi, haipo. Kwa hiyo rafuni kwangu pana pengo. Nimelipima kwa kipimo changu cha kiwandani: milimita kumi na nne na nusu. Limekaa pale miaka sita kama jino lililong'olewa, na kila mgeni anayeingia huuliza. Millie amechomeka humo pakiti ya mbegu za nyanya, na kila theluji ikianza kuyeyuka huniuliza kama kinyozi ameshaota.

Tena kuanzia namba kumi na nne mmebadilisha rangi ya mgongo kutoka nyeusi kwenda kijivu. Kwa nini? Nani aliwaomba? Chester alipoziona ilibidi akae chini. Siku hizi amezigeuza zote, migongo ikatazama ukutani, maana hawezi kustahimili kuziona. Sasa akitaka filamu moja lazima atoe arobaini, na kwa goti lile si kazi ndogo.

3. Masharti yetu. Tunataka filamu itolewe mara moja, lakini si hovyohovyo. Sisi si watu wa kupokea chochote. Itolewe ikiwa na zile dakika nne zilizokatwa na wakaguzi wa maadili mwaka 1934, za bibi anayejipeleka mwenyewe kwenye kiti cha kinyozi. Tunajua hazijulikani ziliko. Zitafuteni. Sauti iwe ya awali, pamoja na ule mkwaruzo wake. Picha isafishwe, lakini isisafishwe mno. Mwaka jana mlisafisha ile filamu yenu ya popo mpaka tukaona waya uliomning'iniza, na maiti mmoja akaonekana amevaa saa ya mkononi. Tulitaka popo, mkatupa waya. Bernadine, ambaye alikuwa akimwogopa popo yule tangu akiwa msichana, alisogea karibu na skrini, akasema, "Maskini, kumbe alikuwa amefungwa."

Aidha, tunataka maelezo ya mtaalamu kwenye sauti ya pili, na mtaalamu huyo asiwe anacheka. Tunataka kijitabu. Tunataka mgongo mweusi. Likikosekana hata moja kati ya haya, tunakuonya kwa heshima zote kwamba tutaigomea filamu yenu, yaani tutanunua nakala moja moja tu.

Bernadine anasema hoja hii inapingana na ile ya kwanza, kwa sababu pale tunasema mtoe na hapa tunasema msitoe. Chester amesema, "Iache hivyo hivyo Rudy, imekaa vizuri sana." Kwa hiyo nimeiacha.

4. Hapa naomba ushike kitu, usianguke. Kila Oktoba jarida lenu huchapisha fomu ya kura, ili wakusanyaji waseme ni filamu gani wanaitamani. Fomu hiyo kwetu si jambo la mchezo. Tunakusanyika mezani hapa, Millie anatuletea kahawa na keki ya njugu, tunaizima deki, na tunajaza kwa wino. Kwanza tunasahihisha makosa yenu. Fomu ya mwaka jana ilikuwa na makosa kumi na moja, na mawili kati ya hayo yaliwahusu watu waliokwisha kufa mliowaandika kama wazima. Tunaandika masahihisho pembeni, Chester anaambatisha karatasi ya ziada pembeni ya pembeni, na mwishoni kabisa, tukikumbuka, tunapiga kura. Kisha mimi, kwa nafasi yangu ya katibu, nachukua bahasha na kuzipeleka posta.

Na matokeo yanapochapishwa Desemba, tunaona nini? Ohio: Kinyozi wa Makaburini, kura sifuri. Mwaka 2002 sifuri. Mwaka 2003 sifuri. Mwaka 2004, sifuri! Ebo! Jimbo zima sifuri, na sisi watatu tuko hapa hapa tunapumua? Mara ya kwanza tulidhani ni bahati mbaya. Mara ya pili Bernadine alilia. Mara ya tatu alivaa koti, akatoka nje kwenye theluji na kumngojea mtu wa posta wa mtaa wetu, Bwana Duane, mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa hajawahi kutupotezea hata tangazo la dawa ya mende. Akamsimamisha dakika ishirini. "Mwanangu," akamwambia, "kwa umri wako huu, uongo wa nini? Sema tu umezipeleka wapi." Bwana Duane akaapa kwa jina la mama yake kuwa hajaziona. Bernadine akamwambia amwache mama yake apumzike. Tangu siku hiyo Bwana Duane hanisalimii, na barua zangu huziacha kwenye ngazi ambako maji ya paa hudondokea.

Tunataka maelezo. Kura tisa haziwezi kuyeyuka. Ama mnazo, ama kuna mtu ndani ya kampuni yenu ana chuki na vinyozi.

5. Mateso ya familia ya Pilarczyk. Nimekwisha kusema juu ya kiapo, lakini hujasikia machungu yake. Denise amejaribu kila njia. Krismasi iliyopita alimwambia baba yake kwenye simu, na Chester alikuwa amefungulia sauti kubwa kwa sababu ya masikio yake, hivyo nami nilisikia: "Baba, hiyo picha haiko kwenye intaneti?" Chester akajibu, "Mwanangu, kwenye intaneti kuna kila kitu, ila hakuna kilicho sahihi." Denise akacheka, akasema, "Baba, niambie ukweli. Wewe ndiye unayewangoja hao maiti, au wao ndio wanakungoja wewe?" Kisha wakaja wajukuu, mapacha wenye miaka saba, wakamwimbia wimbo. Chester alipokata simu alifuta miwani yake kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

Mwezi Januari aliteleza nyumbani kwake akizoa theluji, akakaa chini njiani karibu nusu saa mpaka nilipomwona. Tangu hapo mimi ndiye ninayemzolea. Kila asubuhi nachukua koleo langu, nasafisha njia yake, naingia jikoni kwake, tunakunywa kahawa, tunabishana mpaka saa nne, narudi nyumbani. Sisemi hili kwa kulalamika. Nalisema ili uone kwamba mzee huyu ana kila sababu ya kwenda kukaa juani na wajukuu wake, na kwamba sisi marafiki zake, kwa jinsi tunavyompenda, tuko tayari kabisa kumwona akienda. Bernadine ameniuliza kwa nini mwandiko wangu umepinda hapa. Ni meza.

Denise kule Tucson akiulizwa nani amemnyima baba yake, atajibu nini? Atasema ni kampuni ya video. Watoto wale watakua wakijua hivyo. Siku moja watakuwa watu wazima wenye deki zao, na hawatanunua kitu kwenu.

6. Ombi letu. Tumesikia uvumi kwamba hamtoi filamu hii kwa sababu hamjui mmeiweka wapi. Kama ndivyo, semeni, hakuna aibu, hata mimi miwani yangu huipoteza kichwani. Sisi watatu tuko tayari kuja New Jersey kuitafuta ghalani mwenu bure. Tutakuja na chakula chetu. Bernadine atawapangia kila kitu kwa alfabeti, na aliwahi kupata kitabu kilichopotea miaka ishirini na miwili, kilikuwa kinazuia mlango. Mimi nitapima makopo. Chester atakaa kwenye kiti na kutuambia tunakosea.

Kama hamtaki tuje, basi lihamishieni ghala lenu Parma. Karakana ya gari yangu ina nafasi na haivuji isipokuwa upande mmoja.

Na kama hilo nalo ni zito, tuna ombi la mwisho, na hili tumelipitisha kwa kura, tatu kwa sifuri. Tuuzieni kasha tupu. Lisiwe na diski ndani. Liwe kasha tu, lenye jalada, namba kumi na mbili, mgongo mweusi, limefungwa nailoni. Tutanunua mawili mawili, Bernadine matatu. La kuguswa tutalishika na kulisoma nyuma, na la akiba hatutalifungua kamwe, kwa hiyo hatutajua tofauti. Diski mtatuletea mkijaliwa. Hakuna kampuni duniani iliyowahi kupata wateja wepesi kama sisi, na bado mnatupiga danadana.

Chester ameuliza kama kasha tupu litahesabika kuwa filamu imefika mkononi kwa mujibu wa kiapo. Tumelijadili kwa dakika arobaini. Uamuzi wa chama ni kwamba halihesabiki.

Kwa kuwa kura zetu zina historia ya kupotea, Bernadine ametoa hoja kwamba barua hii isipelekwe na katibu. Itapelekwa na mwenyekiti mwenyewe, kwa mkono wake, mpaka ndani ya tundu la sanduku. Hoja imepita. Nimeikubali kwa moyo mweupe.

Tunatumaini utatujibu kabla ya Pasaka. Wasalimie wote hapo ofisini: anayechagua rangi za mgongo, mwambie tumemsamehe lakini asirudie; na yule binti anayepokea simu, ambaye Januari alinisikiliza dakika hamsini bila kukata, mwambie Mungu amzidishie. Wasalimie wa nyumbani kwako pia. Millie anakusalimu, na anauliza kama unahitaji mbegu za nyanya.

Wako katika kungoja,

Rudolph J. Havrilla
Katibu
(imesomwa, ikasahihishwa na kukubaliwa: B. Toth; C. Pilarczyk, Mwenyekiti)

Tanbihi. Wenzangu wamepanda juu kula. Millie anawakaangia pierogi, yale maandazi ya Kipolandi yenye viazi ndani, kwa vitunguu, nami nimesema nabaki nifunge bahasha. Nina dakika kumi, kwa hiyo sitazunguka. Zile kura msizitafute. Hazijafika kwenu wala kwa Bwana Duane. Zote tisa ziko hapa kwenye droo yangu, chini ya kipimo, stempu juu yake. Kila mwaka nilitoka nazo vizuri, nikafika kwenye sanduku, nikasimama pale mpaka vidole vikafa ganzi, nikarudi nazo. Bwana Duane hana kosa lolote na itabidi nimwombe radhi, sijui nitaanzaje.

Barua hii siwezi kuirudisha kwenye droo, anaipeleka Chester mwenyewe. Kwa hiyo nakuomba uizuie wewe huko. Yote niliyoandika hapo juu yafute. Usiitoe filamu hii, Ndugu Mkurugenzi. Ukiitoa, anaenda. Kule ana binti, ana mapacha, ana jua na mlango wake wa nje. Najua ni haki yake, na usiku nikilala huniuma. Lakini mimi hapa nitabishana na nani? Millie ni mke mwema mno, yeye hukubali haraka. Miaka sitini na minne nimeishi bila ile filamu na sijafa. Bila Chester sijawahi kujaribu hata wiki mbili. Nawasikia wanashuka.
R. J. H.

Ndugu Mkurugenzi,

Usishangae, mwandiko huu ni wa mtu mwingine. Mimi ni Chester Pilarczyk, mwenyekiti. Leo ni Jumapili, nimetoka misani, na bahasha hii nimeifungua kwa mvuke wa birika jikoni kwangu. Jana niliifikisha hadi mdomoni mwa sanduku, mkono ukakataa kuiachia. Rudy ameandika dakika 68. Ni dakika 67. Siwezi kuipelekea kampuni ya filamu barua yenye kosa la dakika nzima, mngetucheka mpaka Krismasi. Nimeirudisha nyumbani nikarekebishe hiyo namba moja tu, nifunge, nitume. Sikukusudia kusoma mengine.

Utauliza kwa nini sikumsahihisha pale pale mezani. Kwa sababu Bernadine angeniuliza nimejuaje. Nimejua kwa sababu ninayo. Ninayo tangu 1989. Ni kanda niliyobadilishana na bwana mmoja wa Erie kwenye mkutano wa wakusanyaji, picha imejaa chenga na sauti inatoka kama mtu yuko ndani ya ndoo, lakini ni yenyewe, na nimeipima kwa saa ya jikoni mara nne. Mwanzoni nilitaka kumshtukiza Rudy siku ya kuzaliwa kwake. Halafu nikamtazama anavyoingoja, anavyopanga, anavyowaka, nikasema mwaka ujao. Miaka kumi na sita imepita hivyo, na aibu yangu ninayo mwenyewe.

Kisha Irene akafariki, na Denise akaanza kuniita. Nilihitaji sababu isiyotibika. Ukimtajia mwanangu goti, anakuletea daktari. Ukimtajia nyumba, anakuletea mnunuzi. Lakini filamu ambayo kampuni haijaitoa, ataifanyia nini? Nampenda mwanangu, usinielewe vibaya. Julai anakuja na mapacha, na vyumba vya juu nimeshavipaka rangi. Ila kwenda kukaa mahali ambapo hakuna mtu wa kuniambia asubuhi kwamba nimekosea, hapana, hilo siliwezi. Irene alifariki Jumanne, na Jumatano saa moja asubuhi Rudy alikuwa mlangoni na orodha ya makosa kumi na matatu kwenye jarida lenu. Hakusema pole. Tulikaa tukayasahihisha yote.

Hayo aliyoyaandika kwenye tanbihi nimeyasoma mara mbili, chai ikapoa. Tafadhali asijue kwamba nimeyaona. Ataona haya, na Rudy akiona haya hukaa siku tatu bila kutia neno, na siku tatu ni nyingi kwangu. Bwana Duane nitampelekea keki mimi. Bernadine naye, maskini, kumbe ndiye peke yake kati yetu anayeitaka filamu kweli. Nitamwita siku moja aione yangu, anajua kutunza siri kuliko sisi wawili.

Kwa hiyo naomba mtuandikie barua ya kukataa. Iwe kali kidogo, na muhuri, nipate cha kumsomea Denise. Na kama huko mbele itawalazimu kuitoa, basi ngojeni mpaka kati yangu na Rudy abaki mmoja. Huyo atakayebaki atahitaji kitu cha kutazama.

C. Pilarczyk